Mtwara kwa boti: anzia Feri malizia Mikindani, ila uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi

Mdogo wangu kaja toka Dodoma, mara yake ya kwanza Mtwara, kaniambia dada mi nataka maji tu, habari za kuzunguka mjini sitaki. Basi saa moja asubuhi tukawa Feri, kwenye soko la samaki na kivuko pale Shangani, na mtu mwenye siku moja tu hapa namshauri aanzie hapohapo. Maji yalikuwa yamekupwa, kina mama wanatoka mwambani na vijiti vyao na ndoo za pweza, ngalawa nazo zinarudi, changu bado wanarukaruka kwenye tenga. Tulinunua wawili wakakaangwa palepale tukala na ndimu na pilipili, yaani samaki wa hivyo ukimzoea wa kwenye friji humrudii.

Tukapanda kivuko kwenda Msangamkuu. Nauli hela ndogo, safari yenyewe fupi, ila simama pembeni uangalie. Ghuba hii ina kina ndo maana meli kubwa zinaingia mpaka ndani kabisa, unaona meli imefunga gatini na mtu mmoja kwenye mtumbwi anapita karibu yake anapiga kasia taratibu. Bandari hii walijenga Waingereza kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga, karanga zikawashinda, leo korosho ni kati ya mizigo inayoipa kazi. Ng'ambo ni minazi, mchanga mweupe na utulivu. Bebeni maji ya kunywa.

Sasa shida ilianza mchana. Tulikuwa tumeongea na kijana mmoja wa boti atuzungushe Mikindani kwenye mikoko, tukampa advansi elfu ishirini, akasema saa saba kamili. Katokea saa tisa na nusu! Kufika ndani maji yanatoka, boti ikakaa kwenye tope, tukashuka tukatembea matope mpaka magotini, mdogo wangu kandambili moja imebaki hukohuko. Laifujaketi zilikuwa mbili na sisi abiria watano. Hela hakurudisha. Mimi hili limeniuma kwa sababu mgeni akitendewa hivi anaondoka akijua Mtwara yote ndo ilivyo.

Kesho yake tukarudi Mikindani kwa daladala, ni kama kilomita 10 tu toka mjini, tukamkuta mzee anaziba mtumbwi wake. Shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu, tukamweleza yaliyotupata. Akasema jana maji yalijaa saa saba, leo yatachelewa kama dakika 50, kesho hivyohivyo, kwa hiyo njooni saa nane kasoro. Na kweli. Tulipoingia kwenye mikoko akaweka kasia akachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kila tukifika penye mashaka anauzamisha anauchomoa anaangalia ulipolowa, anasema hapa tunapita, hapa tuzunguke. Kaa wamepanda kwenye mashina kukimbia maji, ukinyoosha mkono wanahamia upande wa pili wa mti. Mdogo wangu alinyamaza saa nzima, na huyu mtu hanyamazagi. Elfu kumi na tano kwa wote wawili, na laifujaketi anazo za kutosha.

Ukishuka tembea mji wa zamani, nyumba za mawe na milango ya nakshi. Livingstone alipita hapa 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara, na Boma la Wajerumani la 1895 lipo kilimani, sasa ni hoteli, panda hata kwa soda tu uione ghuba nzima toka juu. Barabarani kuna ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini kama viazi, unamenya ganda unachovya chumvi na pilipili, nunua mingi maana ya kula njiani inaisha.

Msimbati hatukufika safari hii. Ni mbali kidogo na ni ndani ya hifadhi ya bahari kwa hiyo kuna kiingilio, itengee siku yake.

Ushauri wangu kwa anaekuja: usikubali kupangiwa saa na mwenye boti kabla hujauliza maji yanajaa saa ngapi, muulize mvuvi yeyote pale Feri atakwambia bure, na kama ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, muwe makini zaidi maana yakikupwa yanakupwa kwelikweli. Advansi msitoe. Mdogo wangu anarudi Desemba na babu tumeshamwambia.