CT na MRI katika Hospitali Moja: Uzoefu Wangu

Nimepimwa mara mbili katika idara ya mionzi ya hospitali moja, kwanza CT ya tumbo na wiki tatu baadaye MRI ya kiuno, vyote vikiwa vipimo vya kupiga picha za ndani ya mwili, kwa sababu ya maumivu ya mgongo yaliyokuwa yakishuka hadi mguuni. Mashine zote mbili zilikuwa nzuri, lakini huduma ilikuwa mbingu na ardhi.

CT yenyewe ni ya dakika chache. Kabla yake nilitolewa damu ili ijulikane kama figo zangu zingehimili dawa yenye ayodini, inayochomwa mshipani ili mishipa na viungo vionekane vizuri zaidi, na kwa hilo nawapongeza. Hata hivyo, hakuna aliyeniambia kwamba dawa hiyo ikiingia, joto la ghafla hushuka kutoka kooni hadi kinenani, kiasi cha mtu kudhani amejikojolea. Nilishtuka, nikainua kichwa kutazama nguo zangu, wakati huohuo sauti kutoka kwenye spika ikiniamuru nibane pumzi. Picha zilitoka na ukungu, ikabidi sehemu ya kipimo irudiwe, na kwa kuwa CT hutumia eksirei, nikaongezewa mionzi kwa sababu ya sentensi moja tu ambayo haikusemwa.

MRI haitumii mionzi ya aina hiyo, bali sumaku kali na mawimbi ya redio. Mtaalamu aliyenipokea aliniuliza mara mbili kama nina chuma chochote mwilini au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, akaeleza kwamba sumaku haizimwi hata chumba kikiwa kitupu, kisha akanivalisha vizibo vya masikio na kunipa kipira cha kuminya iwapo ningezidiwa na hofu. Nafasi ndani ya mashine ni finyu, na kelele zake ni kama za mtu anayegonga mabati juu ya kichwa chako. Kilichonituliza ni kwamba kabla ya kila awamu alisema, “Hii ni ya dakika nne, usijisogeze,” nami nikawa nahesabu. Hakuna picha hata moja iliyorudiwa.

Eksirei ya kawaida niliyopigwa mwanzoni ilionyesha mifupa isiyo na kasoro, jambo lililonifanya nionekane mdekaji. MRI ndiyo iliyoonyesha diski, yaani kile kitu laini kilicho kati ya pingili za mgongo, iliyochomoza na kugandamiza mshipa wa fahamu. Majibu yalichukua siku nne, muda ambao kwa mtu asiyelala usiku ni mrefu, ila daktari alinifungulia picha kwenye kompyuta na kunionyesha mahali penyewe kwa ncha ya kalamu.

MRI naipa nyota tano. CT naipa tatu, na moja kati ya hizo ni ya yule aliyekumbuka figo zangu.