Kingamwili ya FABP3: bendi iliyonichenga wiki mbili

Nina miezi minne na kingamwili hii ya FABP3, ile protini ndogo inayobeba asidi za mafuta ndani ya seli za moyo. Ni monokloni, yaani kingamwili zake zote ni za aina moja na hushika sehemu ileile, iliyotengenezwa kwa panya. Unaletewa mikrolita 100 kwenye kichupa ambacho ukikiona utadhani umepunjwa.

Wiki mbili za kwanza niliilaani. Kipimo ni western blot: naendesha jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, nazihamishia kwenye utando, nazuia kwa maziwa ya unga ili kingamwili isinate ovyo, naiweka kingamwili, napiga picha: utando mweupe pee, hakuna bendi, ule mstari unaoonyesha protini ilipo. Aktini, protini ya kila seli ninayoitumia kuhakiki kipimo, ilikuwa ikionekana vizuri, kwa hiyo nikaona mwenye kosa ni muuzaji. Barua pepe ya kudai hela zangu niliiandika kabisa, na nashukuru sikuituma. FABP3 ina kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 15 hivi, aktini 42. Mimi nilitumia utando wa matundu ya mikromita 0.45 na kuhamisha usiku kucha, kumbe protini inapenya na kutokea upande wa pili. Nilipochukua utando wa 0.2, jeli ya asilimia 15, na kuhamisha saa moja tu, bendi ikatokea nyeusi tii, hata kwa kingamwili iliyozimuliwa 1:2000. Karatasi ya maelekezo haikugusia hilo hata kwa sentensi moja.

Nikaijaribu zaidi. Ini: hakuna kitu. FABP4 iliyosafishwa, ndugu yake wa karibu anayepatikana kwenye seli za mafuta: hakuna kitu, na hapa nawapa heko watengenezaji. Misuli ya mguu, hasa ile myekundu: bendi nene. Hiyo si dosari ya kingamwili, maana FABP3 imo humo kweli. Tatizo ni lebo inayosema "maalumu kwa moyo". Anayepima damu akiamini maneno hayo atamwona mgonjwa wa moyo kwa mtu aliyeumia paja. Ndiyo maana wengine hupima mioglobini, protini ya misuli inayohifadhi oksijeni, pamoja nayo: kwenye moyo uwiano wa mioglobini kwa FABP3 ni kama 5, kwenye misuli ya mifupa ni 20 hadi 70.

Ukitumia tishu za panya utaona pia bendi kwenye kilodaltoni 25 na 50. Ni kingamwili za panya mwenyewe zinazonaswa na kingamwili ya pili, ile inayoshika kingamwili za panya ili bendi ionekane. Ziko mbali na 15, mimi naziacha.

Kwa Elisa ya sandwichi, kipimo ambacho protini hubanwa kati ya kingamwili mbili, usiinunue peke yake. Niliiweka chini kama ya kunasa na juu kama ya kutambua, nikapata sufuri, na nilistahili: molekuli moja ina sehemu moja tu ya kuishika, ya chini ikishakaa hapo ya juu haina pa kukaa. Tafuta mwenzake anayeshika sehemu nyingine.

Kichupa cha pili, cha toleo jingine, kilitaka 1:1000 kutoa bendi ileile. Nimeshaagiza cha tatu, safari hii nimeomba namba ya toleo kabla ya kulipa.