Mkenya Tanga: bima ya binafsi ninayo, ila faili langu liko Bombo

Wakenya tunaohamia Tanga kwa kazi huulizana hili hata kabla ya kodi ya nyumba: mtu akiugua apelekwe wapi? Ukiwasikiliza wenzangu wengi, mwenye bima hana sababu ya kukanyaga hospitali ya serikali. Mimi bima ninayo, ya kampuni ya mume wangu anayefanya kazi kwenye mradi wa bomba la mafuta huko Chongoleani, na nawapinga. Kwenye binafsi unanunua muda na kiti kizuri. Siku ya balaa utaishia Bombo tu, hospitali ya serikali ya mkoa, upende usipende.

Kwanza niondoe hili la kadi. SHA, bima ya afya ya umma ya kwetu iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya Oktoba 2024, usiitoe mkobani kwenye mapokezi ya huku. Na wala usidhani kadi ya NHIF ya Tanzania, mfuko wao wa taifa wa bima ya afya, inafungua kila mlango: Machi 2024 hospitali nyingi za binafsi ziligoma kupokea wanachama wake kwa sababu ya mvutano wa kitita kipya cha bei. Kwa hiyo kabla mwajiri hajawajazia fomu, ombeni orodha ya hospitali za Tanga yenyewe zinazoipokea hiyo bima. Orodha ya Dar es Salaam itakuwa ndefu, ya huku ni fupi.

Hospitali ya binafsi tunayoitumia, jina naliweka kando, ni safi. Kiyoyozi kinapuliza, dada wa mapokezi anakujua, ukiwahi asubuhi unaonana na daktari na kazini unafika. Kwa dawa za presha za kila mwezi au kidonda cha kufunga, sina neno nao.

Lakini ingia na homa uone! Pale huondoki bila taifodi. Mwanangu wa darasa la pili alichemka usiku kucha, asubuhi nikampeleka. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoa mstari mmoja, hana. Wakatoa damu nyingine ya kipimo cha taifodi kiitwacho Widal, karatasi ikarudi namba zimezungushiwa kalamu nyekundu, tukaandikiwa sindano za siku tano. Sasa Widal inaangalia kinga iliyomo kwenye damu, haimtafuti mdudu mwenyewe. Aliyewahi kuugua zamani au kuchanjwa anaweza kuonekana anayo leo. Nikauliza kama damu haiwezi kuoteshwa kwanza maabara, atafutwe mdudu mwenyewe. Daktari akatabasamu: "Mama, usiwe na wasiwasi, bima inalipa."

Nikamshika mtoto mkono, tukachukua bajaji hadi kituo cha afya cha serikali. Huko foleni ni foleni kweli: ufungue faili, upewe kontroo namba, yaani namba ya malipo, ulipe kwa simu, urudi ukae kwenye benchi usubiri. Nilipowaamkia wazee shikamoo nikasogezewa nafasi, na stori zikaanza. Karibu kila mtu pale ana ndugu Mombasa, mmoja akataka kujua kama namfahamu shangazi yake wa Kisauni. Zamu yetu ilipofika, daktari, kijana mdogo tu, akawasha tochi ya simu yake. "Haya baba, fungua mdomo, sema aaa." Mafindofindo yamevimba, yana usaha. Kule kwenye kiyoyozi hakuna aliyemwambia mtoto afungue mdomo. Dawa yenyewe dirishani haikuwepo, "kanunue nje, mama", nikaipata duka la dawa ng'ambo ya barabara. Hiyo ndiyo dosari ya serikali ukiniuliza, hiyo na vyoo.

Likija zito ndiyo utaelewa zaidi. Mwenzake mume wangu alianguka na bodaboda usiku, paja likavunjika. Kwa kuwa kadi anayo, wakamkimbiza binafsi. Akatundikiwa dripu, akafungwa vipande vya mbao, halafu simu zikaanza kupigwa makao makuu ya bima kuomba kibali, na mtu amelala pale anaugulia. Mwisho wa yote wakaandika barua ya rufaa ya kwenda Bombo, wakati mwenye bodaboda alishasema tangu barabarani, "Mpelekeni Bombo, huko kwingine mnapoteza muda." Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, madaktari bingwa wako pale, na wanachoshindwa wao hupelekwa hospitali kubwa zaidi, Muhimbili ya Dar au KCMC ya Moshi. Mgonjwa akafanyiwa upasuaji, anatembea. Na yule bingwa wa mifupa aliyempasua tulikuja kumkuta tena kwenye kliniki ya jioni, hospitali ya binafsi, kwa bei nyingine kabisa.

Kwa hiyo sisi nyumbani sote tumefungua mafaili Bombo tukiwa wazima. Ukienda kufungua, ulizia papo hapo kama kuna bei tofauti kwa asiye raia, usije kuijua wakati mgonjwa yuko kwenye machela. Na bima yako isome pale penye gari la wagonjwa: Dar na Moshi kote ni safari ya saa nyingi, na kama haimo, gharama hiyo ni yako.

Nyota zangu: binafsi tatu, serikali nne. Ya tano wataipata siku dirisha la dawa likiwa na dawa.