Tathmini ya mkandarasi aliyefunga visima vya uangalizi kwenye kiwanja kilichokuwa sheli

Kampuni ninayoitathmini hapa, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa baadhi ya dosari zake bado tunazijadili, ilipewa kazi ya kuziba kabisa visima saba vya uangalizi, yaani visima vyembamba vya kuchotea sampuli za maji ya ardhini, kwenye kiwanja cha Dar es Salaam ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kituo cha mafuta. Matangi yalikwisha kufukuliwa, udongo uliochafuka ulikwisha kuondolewa, na vipimo vya maabara vilivyorudiwa masika na kiangazi vilionyesha benzini, kemikali yenye sumu iliyomo kwenye petroli, ikiwa chini ya mikrogramu 10 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa maji ya kunywa. Mamlaka ziliporidhia, visima havikuwa na kazi tena, na kisima kisicho na kazi mahali kama hapo ni njia iliyo wazi ya kupitisha chochote kitakachomwagika juu hadi kwenye maji ambayo majirani wanayavuta kwa pampu zao.

Wateja wengi huikagua kazi hii kwa macho: wakishaona kifuniko cha chuma kimeondolewa na zege limesawazishwa, wanalipa. Mimi naipima kwa lita. Bomba la inchi mbili, ambalo ndilo mwili wa kisima cha aina hii, hubeba takriban lita mbili kwa kila mita, kwa hiyo kisima cha mita 15 kinapaswa kumeza si chini ya lita 30 za uji wa saruji, na mara nyingi humeza zaidi, kwa sababu uji hupenya kwenye matundu membamba ya chujio, yaani sehemu ya chini ya bomba inayopitisha maji, na kuingia katika changarawe inayolizunguka. Kikimeza pungufu ya hesabu, kuna uwazi mahali fulani chini, hata kama juu pamelainishwa kama sakafu ya sebule.

Kwa kipimo hicho, mafundi hawa wanastahili sifa. Kabla ya kukoroga chochote, fundi mkuu alishusha kamba yenye uzito katika kila kisima na kulinganisha kina na kumbukumbu za uchimbaji. Kisima kimoja kilichoandikwa mita 15 kiligota mita 11. Badala ya kumimina juu ya kizuizi, walihangaika na ndoano mpaka wakaibua kichoteo cha plastiki chenye kipande cha kamba, ambacho bila shaka kilimponyoka mchukua sampuli fulani naye akanyamaza. Uji wenyewe ulikorogwa kwa kiasi: mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa lita 25 hadi 27 za maji, pamoja na udongo wa bentonaiti kidogo ili usinyauke na kupasuka ukikauka. Waliushusha kwa bomba jembamba hadi chini kabisa, ukawa unapanda taratibu na kuyasukuma maji juu. Kumimina kutoka mdomoni, ambako ni rahisi zaidi, huivuruga saruji ndani ya maji na kuacha mapengo. Kesho yake uji ulikuwa umeshuka kama shubiri moja, nao walirudi kujazia bila kuitwa.

Maji yaliyosukumwa juu ndiyo yaliyonikasirisha. Katika kisima cha kwanza yaliachwa yatiririke juu ya changarawe, yakiwa na harufu ya petroli, wakati mapipa ya kuyakusanyia yalikuwa bado yamepakiwa garini. Nilisimamisha kazi hadi mapipa yaliposhushwa, na visima vilivyofuata havikumwaga kitu.

Mvutano mwingine ulihusu visima viwili virefu. Chini ya sehemu kubwa ya jiji kuna tabaka la mchanga lenye maji ya juu, kisha udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kwa urahisi, kisha maji ya chini yanayotegemewa na visima virefu. Visima hivyo viwili vilikuwa vimeutoboa mfinyanzi. Kampuni ilitaka kujaza bomba na kuondoka, kwa maelezo kwamba ndiyo desturi yake, lakini kujaza bomba hakuzibi nafasi iliyo nje ya bomba, na kumbukumbu za uchimbaji hazikuonyesha kwamba nafasi hiyo iliwahi kuzibwa vizuri. Tulishikilia mtambo wa kuchimbia urudi, uchimbe kulizunguka bomba na kulitoa lote, ndipo shimo lijazwe. Gharama ya visima hivyo ilizidi maradufu, na naona ni fedha iliyotumika vyema. Vile vitano vifupi, ambavyo havikufika kwenye mfinyanzi, sikuona sababu ya kuvifukua. Bomba lilikatwa mita moja chini ya ardhi, pakafukiwa.

Ripoti ilichelewa, na ilipokuja ilijaa picha za vifuniko na mafundi waliovaa kofia ngumu, lakini haikuwa na jedwali la lita zilizoingia katika kila kisima, ingawa fundi mkuu alikuwa ameziandika zote kwenye daftari lake mbele yangu. Malipo ya mwisho tumeyazuia hadi jedwali hilo liletwe, likiwa na kina kilichopimwa, uwiano wa mchanganyiko na mahali yalipopelekwa mapipa ya maji machafu. Kwa kazi ya kisimani ningewaita tena, ila safari hiyo vipengele hivyo vyote vitaandikwa kwenye mkataba kabla mtambo haujaingia getini.