Chekapu ya 85,000 na kipimo cha siki: nimepita kote kuwili

Nina miaka 41, nauza viazi pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, na mwaka huu nimepanda kitanda cha kupimiwa mara mbili. Mara ya kwanza nililipa, mara ya pili sikutoa hata mia. Wenzangu wa sokoni wananiuliza kila siku waende wapi, nami nimechoka kusimulia habari za kizazi changu huku napima viazi mbele ya wateja. Someni hapa.

Kwanza ile ya kulipia, zahanati binafsi ambayo jina lake nalihifadhi. Vigae vinang'aa, televisheni ipo, na ukutani kuna bango la kifurushi cha mwanamke: presha, sukari, wingi wa damu, mkojo, matiti na "uchunguzi wa kizazi", vyote 85,000. Mapokezi wana adabu, damu walitoa vizuri na majibu yalitoka ndani ya saa moja. Hapo sina ugomvi nao.

Ugomvi ni chumba cha mwisho. Daktari kijana, macho kwenye karatasi: "Mama, panda kitandani, toa nguo ya ndani." Basi. Hakuna shuka, mlango umerudishiwa tu, na muuguzi wa kike hayumo. Akavaa glovu, akaingiza vidole viwili, mkono wa pili ukawa unabonyeza tumbo kwa juu. Dakika mbili hazikufika. Nikamuuliza, "Daktari, hapo unatafuta nini?" Akasema, "Ni utaratibu, mama." Kisha akabonyeza tena, akasema upande wa kushoto anahisi kitu.

Kitu! Nikaambiwa nipige ultrasaundi, 30,000 nyingine, na mpigaji mwenyewe angekuja Jumatatu. Siku hiyo ni Ijumaa. Nililala macho siku tatu, nikawa nimeshawagawia wanangu urithi ambao sina. Jumatatu hakikuonekana chochote. Nilipouliza kile kitu kilienda wapi, nikajibiwa labda ulikuwa utumbo umejaa.

Mtoto wa dada yangu anasoma uuguzi. Nilipomsimulia hakushangaa. Akaniambia mwaka 2014 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilishauri kipimo hicho cha vidole kisifanywe kwa mwanamke asiye mjamzito na asiye na dalili yoyote. Vidole havina uwezo wa kuwahi saratani ya ovari, ila uwezo wa kumtisha mtu na kumpeleka kwenye vipimo vingine vinao. Hata vidonge vya uzazi wa mpango, akasema, havihitaji mtu akaguliwe ndani kwanza. Nikamkumbuka mwanamke mmoja wa gengeni kwetu aliyeacha kufuata vidonge kwa kuogopa kuvuliwa, sasa analea pacha.

Msinielewe vibaya. Ukitoka damu baada ya tendo, ukiwa na maumivu ya nyonga au uchafu wenye harufu, nenda ukaguliwe, tena haraka. Mimi nasema habari ya mtu mzima kama mimi, anayebeba magunia na hana tatizo.

Sasa mara ya pili. Kituo cha afya cha serikali, huku huku Mbeya, mwezi wa saba, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Foleni ndefu, benchi bovu, nilikaa kuanzia saa moja na nusu hadi saa tano. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja amefunga blanketi. Sista akatoka, akamwinamia, akamsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, bibi," wakacheka pamoja, ndipo akamwambia kwa upole kwamba kwa umri wake kipimo hiki hakimfai, akampeleka mwenyewe chumba cha presha. Nikajua hapa wanafikiri kwanza.

Ndani, sista alifunga komeo, akanipa shuka nijifunike, akaniuliza kama nina dalili yoyote. Kisha akaeleza: "Natafuta kitu kimoja, mabadiliko kwenye mlango wa kizazi ambayo hayajawa saratani. Nikiyaona, mengi tunayatibu leo leo. Ukisema niache, naacha." Akachukua kile chuma cha kufungulia uke, akakimiminia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai yenye maua mekundu, akakigusisha kwanza pajani kwangu. "Baridi imeisha?" Imeisha. Akapaka siki, ile siki kweli iliyochanganywa na maji, inawasha kidogo, akasubiri dakika moja huku akiniuliza bei ya gunia. Penye shida pangegeuka peupe. Kwangu hapakugeuka.

Hiki ndicho kipimo ninachokitetea. Saratani hii ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, inachukua miaka mingi kukomaa, na India huko Mumbai walipopima kwa siki kila miaka miwili, vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 31. Tena sisi wa Njombe, Iringa na Mbeya ndio tunaoongoza kwa VVU nchini, na mwenye VVU hatari yake ya saratani hii ni mara sita ya asiye navyo. Yeye hurudi kila mwaka. Mimi kadi yangu inasema miaka mitatu.

Mume wangu alisikia yote haya kwa furaha kubwa, akatangaza kwamba basi na yeye kile kidole cha kupimia tezi dume kimefutwa. Nikamwambia kama hana dalili, sawa, sitamburuta. Ila anaamka mara nne usiku kwenda chooni, na hiyo ni dalili, kwa hiyo atakwenda. Amenuna mpaka leo.

Nyota: zahanati binafsi mbili, zote za maabara. Kituo cha afya nne. Moja nimeikata kwa ajili ya lile benchi. Mwenye umri kati ya miaka 30 na 50, nenda. Fika kabla ya saa mbili, vaa sketi pana, na beba kanga yako mwenyewe, maana nilipotoka niligundua shuka lile lilikuwa moja tu na mama aliyenifuata alilikuta lina joto langu.