Timu bildingi Bagamoyo: fomu ya maksi hapana, ila Kaole imetubeba

Nyota 3 kati ya 5, na hizo 3 waandaaji wazishukuru zile dakika 40 za magofu ya Kaole.

Ofisini tupo watu 18 na tulifika hatua ya kuandikiana imeli huku tumekaa meza mbili tu mbali, bosi akaona isiwe tabu akatafuta kampuni ya kuandaa timu bildingi (jina naliacha, wenyewe nishawaambia). Elfu 65 kwa kichwa, Coaster, pilau na maji humo humo. Bagamoyo siyo mbali, kama kilomita 70 hivi toka Dar, ila tuliambiwa tunaondoka saa 12 asubuhi Coaster ikatokea saa 2 kasoro, foleni ya Tegeta ikatumaliza kabisa.

Tumefika tu tukagawiwa fomu, umpe kila mwenzako maksi 1 mpaka 5, anasikiliza? anaaminika? Eti ni siri. Siri gani sasa watu 18 tunajuana mpaka miandiko, alafu mwezeshaji akazibandika ukutani jaman! Mimi nikakuta 2 ya wino wa kijani, na kwetu mwenye peni ya kijani ni mmoja, dada wa uhasibu. Pilau lilikuwa zuri kwakweli ila tulilila kimya kama tupo msibani. Kuvuta kamba, kawaida.

Mchana ndo tukapelekwa magofu ya Kaole, ule msikiti wa karne ya 13, makaburi, mbuyu, na hapa mwezeshaji nampa haki yake. Alitupanga wawili wawili, kila mtu na anayegongana naye zaidi kikazi, mnatembea, na sheria ni moja tu, usiseme tabia ya mtu, sema tukio moja la wiki hii. Nikapangwa na nani, dada wa wino wa kijani. Nikamwambia juzi narejesha masurufu ya safari umenirudishia risiti 4, kwanini. Akacheka kwanza. "Kaka, we risiti za EFD, hizi za mashine ya kodi, unaziacha kwenye dashibodi, jua linazipiga maandishi yanafutika, unaniletea makaratasi meupe. Mkaguzi akija nimuonyeshe nini? Anayeulizwa ni mimi, siyo wewe."

Yani miaka 3 mimi najua ananibania tu. Nikabaki naangalia makaburi. Na yeye hakuwa anajua kwamba hela ikichelewa mafuta naweka ya mfukoni kwangu, ndo maana nikifika kwake nishanuna tayari, akasema basi ukisafiri niambie siku mbili kabla. Tulikuwa bado tunaongea wakatupigia honi turudi kwenye gari.

Kwahiyo ukiwachukua hawa jamaa, fomu wakatalie mapema, au ijazwe kuhusu kazi, kipi kinakwama wapi, siyo maksi za mtu na jina lake. Kaole waombeni masaa mawili. Na usafiri tafuteni wenyewe, hapo sina utani.

Jumatatu nimepeleka risiti 7, zote nimezitoa kopi siku ile ile niliyopewa. Kapokea 6. Ya saba haina TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni, kaizungushia duara la kijani kanirudishia.