Koti limerudi fupi, na wanasingizia maji

Mikono imepanda hadi juu ya kifundo, kitambaa kimekakamaa na kuwa kinene, kola imevimba malengelenge. Hilo ndilo koti la sufi ya kondoo nililorudishiwa majuzi na dobi anayejitangaza kuwa ameachana na kemikali za sumu.

Kilichoniwasha zaidi ni jibu la kaunta. Kijana hakuligusa hata koti. "Kaka, sisi tunatumia maji, na sufi na maji haviendani." Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Si kweli! Lebo ya ndani ina duara lenye herufi W na mistari miwili chini yake, maana yake fundi alifue kwa maji, kwa upole wa hali ya juu. Na suruali ya suti hiyohiyo, kitambaa kilekile, ilirudi na urefu wake wote. Nilipobana, akasema suruali wao huzianika kwenye hanga, makoti ndiyo huingia kwenye mashine ya kukaushia. Basi jibu amelitoa mwenyewe.

Unyoya wa sufi una magamba madogo. Ukiulowesha tu, haudhuriki. Ukiulowesha, ukaupasha moto na kuupigapiga kwa pamoja, magamba yanang'ang'aniana na hayaachiani tena. Ndiyo maana ufuaji huu hutaka maji yasiyozidi nyuzi 30, sabuni isiyo na magadi, na ngoma inayogeuka sekunde chache kisha ikapumzika. Kwenye kukausha, koti hutolewa likiwa bado na unyevu kidogo, linavishwa kiwiliwili cha mvuke, yaani umbo la mwili linalopuliza mvuke, mikono inavutwa taratibu hadi kipimo chake. Langu lilizungushwa mpaka likakauka kau. Ushahidi ni bitana: ni ya poliesta, haikunywea, sasa inachungulia chini ya pindo. Malengelenge ya kola ni gundi ya kitambaa cha ndani iliyoachia. Kama lingekuwa limejikunja tu, mvuke ungelirudisha. Sufi iliyoshikamana hairudi.

Ningeishia hapo, ningesema msikanyage pale. Lakini ngojeni. Alama za jasho kwapani, ambazo draiklini ya kawaida ilikuwa ikiziacha kila mara, zimetoka zote, na doa la chai pia. Chumvi ya jasho huyeyuka kwenye maji. Perkloroethilini, kemikali ya draiklini ya kawaida, huyeyusha mafuta, chumvi huiacha palepale. Na nguo haina ule ukali wa harufu unaobaki kabatini.

Ndiyo sababu lile jibu limeniudhi kuliko hasara yenyewe. Mteja akiambiwa maji yameua koti lake, atarudi kwenye perkloroethilini, ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliiweka mwaka 1995 kati ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. California iliamua mwaka 2007 kuiondoa kwenye udobi, na mashine zake zikatakiwa ziwe zimezimwa kufikia Januari 2023. Anayeivuta kuliko wote ni fundi anayefungua mlango wa mashine siku nzima. Kijana yule wa kaunta analindwa na maji anayoyasingizia!

Ukipeleka koti kwa dobi wa maji, pima mkono kuanzia mshono wa bega hadi mwisho, andikeni namba kwenye risiti. Uliza mambo mawili: mashine ya kukaushia inapima unyevu au inakwenda kwa saa tu? Kiwiliwili cha mvuke kipo? Kama hakipo, waambie waanike kwenye hanga pana, hata likichukua siku nyingi zaidi. Ukiona W imepigwa alama ya X, usilipeleke kabisa.

Nyota moja kwa huduma. Kwa ufuaji wenyewe ningetoa nne, nikiangalia ile suruali hata tano. Suruali na mashati nitaendelea kuwapelekea. Koti, hapana, mpaka wanunue kiwiliwili, na mtu wa kaunta ajue kinafanya nini.